Kelele Inayokuja na Kupotea Chini ya Gari la 4WD: Namna ya Kuisaka Mpaka Uijue

Malalamiko ya wenye magari ni yale yale. "Linagonga nikiondoka kwenye taa, lakini si kila siku." "Kuna mvumo kwenye kilomita 60, fundi akipanda haupo." "Nimebadilisha krosi mbili, kelele bado." Mwongozo huu ni kwa mwenye gari la 4WD (linaloweza kusukumwa na magurudumu yote manne) kama Prado, Hilux, Surf, Hardtop, Patrol, Pajero au Land Rover hapa Dar es Salaam ambaye amechoka kununua spea kwa kubahatisha. Tunashughulika na kila kinachozunguka kuanzia nyuma ya giaboksi: transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu), krosi (viungo vya msalaba kwenye ncha za propela), difu (boksi la gia katikati ya ekseli), ekseli, sivi jointi (viungo vya shafti za magurudumu ya mbele) na beringi za magurudumu.

Sheria ya kazi hii ni moja: usifungue nati hata moja kabla hujaweza kuitisha ile kelele unapoitaka. Kelele ya kuja na kupotea ina sharti lake. Linaweza kuwa mwendo, mzigo, joto, kona au maji. Ukishalijua, sehemu za kushukiwa hubaki mbili au tatu. Usipolijua, utabadilisha kila kitu hadi pesa iishe.

Andaa kwanza

- Jeki nzima na stendi nne za tani 3 kila moja. Matofali hupasuka bila kuaga, usiyategemee.
- Vigingi viwili vya kuzuia magurudumu.
- Spana za milimita 14 na 17, soketi ya 24 na heksi ya 10 kwa Toyota nyingi. Kwa Land Rover za zamani, bolti za propela huhitaji spana ya inchi 9/16.
- Pampu ya grisi na grisi ya lithiamu namba 2.
- Chombo cheupe cha kukingia oili, sumaku na tochi.
- Rangi nyeupe au chaki ya kuwekea alama.
- Kipimo cha upepo wa tairi.
- Simu mbili, tepu imara na tai za plastiki.
- Kipimajoto cha kulenga kwa mbali. Kile cha kupimia homa hakifai, hakisomi joto la habu (kitovu cha gurudumu).
- Daftari, na mtu wa kukusaidia. Peke yako huwezi kuendesha, kusikiliza na kuandika kwa pamoja.

Hatua kwa hatua

1. Ondoa kelele za bandia. Toa kila kitu kinachocheza ndani ya gari: jeki chini ya kiti, spana ya magurudumu, chupa, mkanda wa kiti unaogonga mlango. Kaza tairi la akiba linaloning'inia chini. Kaza nati za magurudumu yote kwa spana ya torki kwa kiwango cha kitabu cha gari, kwa sababu nati iliyolegea hugonga sawasawa na krosi mbovu. Kisha pita na tochi kwenye bati la kinga ya diski ya breki. Kokoto moja kutoka barabara ya Kigamboni au Bunju ikinasa hapo, hukwaruza kwa nusu saa, hunyamaza, kisha huanza tena.

Gari likiwa limesimama, giaboksi kwenye N (nyutro), kanyaga mafuta mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika. Kelele ikitokea hapo, haihusiani na propela wala difu. Angalia bati la ezosti, maunti za injini na feni.

2. Andika sharti kabla ya kuendesha. Kwenye daftari weka safu hizi: mwendo, gia, unakanyaga mafuta au umeachia, usukani upo wapi, gari baridi au limepata moto, lami au vumbi, watu wangapi ndani, mvua au jua. Muulize kila anayelitumia gari. Mara nyingi mwenye gari anasema "haina mpangilio", halafu dereva anasema inakuja tu akipakia saruji. Mzigo hushusha sehemu ya nyuma na kubadili pembe ya propela, kwa hiyo jibu kama hilo lina thamani kubwa.

3. Chagua barabara. Morogoro Road saa kumi na moja jioni haitakupa kitu. Toka alfajiri ya Jumapili. Unahitaji njia za aina tatu. Ya kwanza ni barabara ya ndani yenye ukuta mrefu upande mmoja, kama zilivyo nyingi za Mikocheni au maeneo ya viwanda Chang'ombe: shusha kioo, pita karibu na ukuta, nao utakurudishia sauti ya upande ule. Ya pili ni mwinuko. Dar ni tambarare, hivyo tafuta Goba au kule Pugu kuelekea Kisarawe. Ya tatu ni eneo wazi na tupu la kukatia kona kali. Ndani ya mji usizidi kilomita 50 kwa saa pale sheria inapotaka hivyo, na majaribio mengi hayahitaji zaidi.

4. Fanya majaribio matano, moja moja. Usichanganye. Endesha walau dakika 15 kwanza ili oili na beringi zipate moto, isipokuwa kama kelele yako ni ya asubuhi tu. Hiyo ipime gari likiwa limelala usiku kucha.

a) *Kuachia na kukanyaga.* Shika mwendo ambao kelele hutokea, kanyaga mafuta, kisha achia ghafla bila kugusa breki. Mvumo unaokuja unapokanyaga na kukatika unapoachia, au kinyume chake, unaelekeza kwenye difu, yaani pinioni (gia ndogo inayozungushwa na propela) na krauni (gia kubwa inayozungushwa na pinioni). Mlio mmoja tu wa kugonga kila unapobadilisha ni uwazi uliozidi: krosi, meno ya propela (pale inapoteleza kurefuka na kufupika), au bushi za mikono ya ekseli.

b) *Kuweka N.* Kwenye mteremko mdogo au tambarare, peleka giaboksi N kwa sekunde chache, injini ikiwaka. Usizime injini kamwe. Usukani unakuwa mzito na breki hupoteza msaada. Usiguse pia gia ya transfa. Kelele ikibaki vilevile, iko kwenye vitu vinavyozungushwa na magurudumu. Ikikatika, ni giaboksi, injini, au kitu kinacholia kikibeba mzigo tu.

c) *Kuyumbisha.* Kwenye kilomita 40 hivi, barabara ikiwa tupu, kata kidogo kushoto, kisha kidogo kulia. Ukikata kushoto uzito unahamia kulia. Muungurumo ukipanda hapo, shuku beringi ya kulia. Wengi hugeuza hili na kubadilisha beringi nzima ya upande usio na kosa.

d) *Kona kali.* Usukani mpaka mwisho, mwendo wa kutembea, kanyaga mafuta kidogo. Tik-tik-tik ni sivi jointi ya nje. Mtetemo mzito wa kukwamakwama kutoka nyuma, hasa gari likiwa moto, kwa gari lenye difu ya LSD (inayozuia gurudumu moja kuteleza peke yake) mara nyingi ni oili isiyo ya LSD. Kabla hujafungua difu hiyo, badilisha oili kwa GL-5 (daraja la oili ya gia) iliyoandikwa kuwa inafaa LSD, kisha zungusha gari kwa kona za namba nane kama kumi.

e) *Gia.* Kwa gari la manyuo, pita mwendo uleule kwa gia ya 3, kisha ya 4. Kwenye giaboksi nyingi za magari haya gia ya 4 hupita moja kwa moja bila kubebesha shafti ya chini. Kelele iliyopo kwenye 3 na isiyopo kwenye 4 iko ndani ya giaboksi, na mwongozo huu unakuachia hapo.

5. Hesabu mapigo. Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye faida kubwa. Tairi la 265/65R17 linaenda takribani mita 2.4 kwa mzunguko mmoja. Kwa kilomita 10 kwa saa gurudumu huzunguka mara moja na kidogo kila sekunde, yaani kama mara 11 au 12 kwa sekunde 10. Propela huzunguka haraka zaidi kwa uwiano wa difu. Kwa difu ya 4.1, yaani propela mizunguko 4.1 kwa mmoja wa gurudumu, ni karibu mara 47 kwa muda huohuo.

Msaidizi ashike saa, wewe shikilia kilomita 10. Ukihesabu mapigo 11 au 12, shuku tairi, diski, habu au ekseli. Ikiwa ni mfululizo usiohesabika kwa mdomo, rekodi, kisha hesabu kwa kupunguza kasi ya rekodi kwenye simu. Ukipata karibu na 47, shuku propela, krosi, senta beringi (inayoshika katikati ya propela ya vipande viwili) au pinioni. Uwiano wa difu yako upo kwenye kibati cha gari au kwenye kitabu. Kama huna, nyanyua nyuma magurudumu yote mawili, giaboksi na transfa zikiwa N, zungusha yote mawili mzunguko mmoja kwa pamoja na uhesabu propela.

6. Tumia 4WD yenyewe kutenga. Kwa gari la hiari, yaani la kuunganisha 4WD pale unapotaka, lenye habu za kufunga kwa mkono, fungua habu zote mbili uendeshe 2H (magurudumu ya nyuma tu yanasukuma). Propela ya mbele, difu ya mbele na shafti zake vyote vinasimama. Kelele ikiondoka, iko mbele. Hakikisha habu zote mbili zimefanana. Moja ikiwa imefungwa na nyingine imeachia, difu ya mbele inazunguka hovyo na utadanganyika. Habu ya otomatiki iliyochoka hushika nusu na kutoa kelele ya kusaga, hasa baada ya kurudi nyuma.

Kwa Toyota zenye ADD (difu ya mbele inayojitenga yenyewe) mambo ni tofauti kidogo. Ukiwa 2H, propela ya mbele na krauni ya mbele hutulia, lakini sivi jointi zote bado zinazunguka kwa sababu magurudumu yameunganishwa nazo moja kwa moja. Kwa hiyo kelele iliyobaki kwenye 2H haijaziondolea sivi jointi lawama.

*Onyo:* usipime 4H (yote manne yanasukuma) ya gari la hiari kwenye lami kavu kwa kona. Ekseli mbili zinavutana, gari linakaza na kisha linapiga kishindo. Hiyo si hitilafu, ni kazi ya mfumo, ila ukiendelea utaiharibu kweli. Pima kwenye mchanga. Ukisikia ka-ka-ka nzito kwenye mchanga unapokanyaga, na transfa yako ni ya cheni, cheni imerefuka na inaruka meno.

7. Rekodi kutoka chini. Funga simu moja kwa tepu na tai za plastiki kwenye fremu, mbali na ezosti na mbali na chochote kinachozunguka. Rekodi mara nne kwa njia ileile na mwendo uleule: karibu na transfa, karibu na difu ya nyuma, kisha nyuma ya gurudumu la mbele kila upande. Simu ya pili ibaki ndani, na msaidizi ataje mwendo kwa sauti. Linganisha. Palipo na kelele kubwa si lazima ndipo chanzo, maana bati na fremu hubeba sauti mbali, lakini tofauti ya kulia na kushoto huwa ya kweli.

8. Pima joto. Baada ya dakika 20 za mwendo bila kufunga breki sana, simama na pima habu zote nne, difu mbili, transfa na kofia za krosi (vikombe vinne vya ncha zake). Linganisha kulia na kushoto kwa ekseli moja. Habu moja ikiwa moto sana kuliko mwenzake, ni beringi au breki inayong'ang'ania. Nyanyua gurudumu lile ujue ipi. Kofia moja ya krosi yenye moto kuliko tatu nyingine imekauka.

9. Ingia chini. Gari kwenye sehemu ngumu na sawa, si kwenye mchanga. Vigingi kwanza. Weka giaboksi N ili propela isiwe na mkazo.

Shika propela kwa mkono mmoja na flenji (sahani ya bolti inapofungwa propela) kwa mkono mwingine, pinda kinyume. Krosi yenye uwazi wowote unaoonekana kwa jicho ni mbovu. Tafuta unga mwekundu wa kutu kwenye midomo ya kofia. Huo ni ushahidi kwamba sindano za ndani (vijiti vidogo vya beringi) zimekauka. Krosi kama hiyo hulia chwi-chwi kwenye mwendo mdogo, hunyamaza mvua ikinyesha, kisha hurudi.

Sukuma flenji ya pinioni juu na chini. Mchezo mdogo wa kuzunguka ni wa kawaida. Wa juu na chini haukubaliki. *Usikaze tu nati ya pinioni.* Kwenye difu nyingi chini yake kuna bomba dogo linalobondeka kwa kipimo ili kuzipa beringi mkazo wake. Ukikaza kwa nguvu ya mkono, difu itanyamaza kwa muda kisha itaungua.

Pickup ndefu zenye propela ya vipande viwili, angalia mpira wa senta beringi. Ukichanika, gari hutetemeka likiondoka, kati ya kilomita 10 na 30, hasa likiwa na mzigo.

Halafu grisi. Prado na Land Cruiser nyingi hugonga mara moja unaposimama au kuondoka kwa sababu meno ya propela yamekauka, na gari zima linatuhumiwa kwa kosa la grisi kidogo. Piga grisi taratibu kwenye nipo (chuchu ya kupigia grisi) ya sehemu hiyo, na acha mara tu propela inapoanza kurefuka. Ukijaza, grisi haina pa kwenda, propela haiwezi kujifupisha kwenye tuta, na msukumo wote unaingia kwenye beringi za transfa na difu. Krosi zenyewe ni kinyume: piga mpaka grisi mpya itoke kwenye kofia zote nne. Kofia moja isiyotoa, krosi hiyo ibadilishwe.

Mwisho, nyanyua gurudumu moja moja. Shika juu na chini, tikisa. Likicheza, msaidizi akanyage breki: mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki ni boli jointi au kingipini. Zungusha gurudumu kwa mkono huku vidole vya mkono mwingine vikigusa springi ya koili. Beringi iliyoanza kuchubuka utaihisi kwenye springi kabla sikio halijaisikia.

10. Soma oili. Legeza nati ya kujazia *kabla* ya ile ya kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu ya juu ikagoma, gari halitembei. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji, na kwa gari lililopita Jangwani wakati wa masika hilo lisikushangaze: difu ya moto ikizama ghafla hupoa, hewa ya ndani inasinyaa, na maji yanavutwa kupitia sili au pumulio (tundu la kupumulia la difu). Kagua pumulio kama halijaziba kwa udongo. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa ukucha si kawaida. Jaza GL-5 ya 80W-90 au 85W-90 kama kitabu kinavyosema mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, gari likiwa sawa. Usipeleke GL-5 hiyohiyo kwenye giaboksi ya manyuo bila kusoma kitabu, maana baadhi huzidhuru ringi za shaba za gia.

11. Toa propela moja, kama bado una wagombea wawili. Weka alama ya rangi kwenye flenji na kwenye makutano ya meno, ili irudi kama ilivyokuwa. Uma (vichwa vya propela vinavyoshika krosi) za ncha mbili zikipishana, utajitengenezea mtetemo mpya. Toa ya mbele, funga difu ya kati kama gari ni la 4WD ya muda wote, kisha endesha polepole. Usipoifunga, nguvu yote itatoka pale pasipo na propela na gari litabaki palepale.

Maonyo matatu hapa, na yote yameshaumiza watu. Difu ya kati isipofungwa, P haizuii gari kuondoka, weka vigingi. Kwenye Defender na Discovery za zamani breki ya mkono inashika propela ya nyuma, ukiitoa hiyo huna breki ya mkono. Na usiwashe gari kwenye gia likiwa limenyanyuliwa ekseli moja: la muda wote litaruka kwenye stendi. Propela iliyochomekwa moja kwa moja ndani ya transfa bila flenji nayo itamwaga oili ukiichomoa, kwa hiyo ziba tundu. RAV4, Forester na jamii yake usizifanyie jaribio hili kabisa.

12. Nunua baada ya kuthibitisha. Ukienda Gerezani au Kariakoo, chukua krosi ya zamani mkononi. Pima kipenyo cha kofia na urefu wa kofia hadi kofia, na uangalie kama klipu inakaa ndani au nje. Jina la gari pekee halitoshi. Modeli moja huwa na saizi zaidi ya moja. Difu ya mitumba ihakiki uwiano wake kwa kuhesabu meno. Ukiweka nyuma difu yenye uwiano tofauti na ya mbele, 4WD itajivunja yenyewe.

Ukikwama

*Kelele imepotea kabisa wiki nzima.* Angalia safu ya mvua na ya mzigo. Pakia mifuko minne ya saruji ya kilo 50, panda Goba, jaribu tena. Usibadilishe kitu.

*Muungurumo haubadiliki kwa kuyumbisha wala kwa kuachia mafuta.* Huenda ni tairi. Hamisha ya mbele nyuma. Kelele ikihama, umepata. Au ongeza upepo kwa psi 5, bila kupita kiwango kilichoandikwa ubavuni, upite lami ileile. Sauti ya tairi hubadilika, ya beringi haibadiliki.

*Gari bado linagonga lakini krosi, meno na pinioni vyote vizima.* Nenda kwenye bushi za mikono ya ekseli ya nyuma na yuboliti za springi. Msaidizi abadilishe D na R akiwa amekanyaga breki kwa nguvu, wewe utazame kwa pembeni, kamwe usiwe mbele, nyuma au chini ya gari. Ekseli itasogea mbele na nyuma mbele ya macho yako.

*Mvumo unakuja tu gari likivuta mlimani.* Kagua ezosti. Injini ikijipinda kwa nguvu, bomba hugusa fremu au kroso memba (chuma cha kukatiza fremu) na kuunguruma kama difu. Tafuta alama inayong'aa pale vyuma viwili vinapogusana.

*Umebadilisha krosi na sasa linatetemeka kwenye kilomita 70.* Uma zimepishana, kofia haikukaa katikati, au klipu haikuingia vizuri. Toa, gonga kofia kidogo zikae, hakikisha krosi inapinda kwa ulaini pande zote mbili bila kukwama, kisha rudisha kwa alama zako.

*Fundi anasema "difu imekwisha" bila kumwaga oili wala kupanda gari.* Mpe daftari lako na rekodi, apande nawe. Akikataa, tafuta mwingine.